Malalamiko kuhusu mashine ya dhahabu mliyoniuzia na koili mliyoibadilisha

Malindi, Kaunti ya Kilifi
Februari

Kwa Meneja wa Mauzo,
Nairobi

Bwana Meneja,

MINT: KUREJESHEWA SH 140,000 ZA MASHINE YA KUTAFUTIA DHAHABU

Nadai pesa zangu zote: Sh 118,000 za mashine, na Sh 22,000 mlizonitoza kwa kuibadilisha betri na koili (ile duara ya waya inayopitishwa juu ya udongo) kabla ya kuituma. Nimewapigia simu mara nne. Mara ya mwisho kijana wenu wa mauzo aliniambia mashine haina shida, shida ni mimi sina uzoefu. Nimeona basi niandike, na niandike kama fundi anavyomwandikia fundi, kwa sababu kazi yangu ndiyo hii. Ni miaka 19 sasa natengeneza redio, amplifaya na simu za upepo za mashua hapa Malindi.

Pesa hizo si zangu peke yangu. Tulichanga watu watatu: mimi, shemeji yangu, na jirani yangu mvuvi. Huyu mvuvi alitoa akiba aliyoiweka ya kumvusha msimu wa kusi, wakati bahari inapochafuka na vyombo vidogo vinalala pwani. Kila siku anapita dukani kwangu akienda msikitini na kila siku ananiuliza kama mmejibu.

Nilipopiga simu mwezi wa Oktoba niliwaeleza wazi tunachotaka. Nilisema tunakwenda Migori, kwa wenyeji walio na kibali cha kuchimba. Nilisema udongo wa kule ni mwekundu na una chuma kingi. Nikasema dhahabu tunayoitarajia ni vipande vidogo, nusu gramu, gramu moja, kwenye vifusi vya wachimbaji wa zamani na kando ya vijito. Dhahabu ni nzito mno, mara 19 na zaidi ya maji, kwa hivyo nusu gramu yake ni kitu kidogo sana, kinazidi punje ya mchele kidogo tu. Mashine ya kusikia punje ya mchele ndani ya udongo wa chuma si sawa na mashine ya kusikia sarafu mchangani. Hata hilo nililitaja, kwani hapa Malindi wako watu wanaopita ufuoni kutafuta sarafu na pete zilizopotea, na mashine zao zikiharibika huletwa kwangu.

Nikauliza masafa ya mashine yenu, yaani mawimbi yake yanatetema mara ngapi kwa sekunde. Nikajibiwa, "Ni masafa ya dhahabu." Nikaomba namba. Nikaambiwa namba itakuja kwenye kitabu cha maelezo. Mzigo ulipofika stendi, kitabu hakikuwemo. Niliambiwa pia kwamba mashine inaona mita tatu chini, na kwamba nikilipa Sh 22,000 zaidi mafundi wenu wataiongezea nguvu ifike mara mbili ya hapo.

Kabla ya safari niliijaribu. Kwanza niliipeleka karibu na mdomo wa mto Sabaki, ambako mchanga una chembechembe nyeusi. Ukipitisha sumaku ya spika iliyokufa, inatoka na ndevu. Mashine ilipiga kelele tangu nilipoiwasha hadi nilipoizima. Nikapiga simu, nikaambiwa ni chumvi ya bahari, bara itatulia. Maelezo hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, maana mchanga uliolowa maji ya chumvi unapitisha umeme na mashine ya masafa mamoja husumbuka juu yake. Lakini wiki iliyofuata niliipeleka shamba la ami yangu Magarini, mbali na bahari, udongo mwekundu mkavu wa miezi bila mvua. Kelele zilikuwa zilezile. Nilizika kipini cha puani cha mke wangu, sm 3 tu chini. Kimya. Yaani kelele za udongo zilikuwepo, lakini juu ya kipini hapakuongezeka kitu chochote. Nikapiga simu tena, nikaambiwa kipini ni kidogo mno na Migori ni tofauti. Tulishapanga safari, nauli zimelipwa, wenyeji wanatungoja. Tukaenda.

Siku nane tulizokaa kule sitazieleza zote. Tulifukua misumari, visoda, kipande cha jembe na mawe mengi mekundu ambayo mashine iliyaapia kuwa ni madini. Asubuhi, majani yakiwa na umande, ilikuwa haishikiki kabisa. Koili ikigusa jani moja inalia. Niliipunguza usikivu hadi theluthi moja ndipo ikatulia kidogo.

Siku ya tano mama mmoja anayeosha mchanga kwa karai pale kijitoni alituonea huruma. Alifungua fundo la leso yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, na ndani yake kipande cha dhahabu. Akakipima mbele yetu kwenye mizani yake ndogo: nusu gramu na kitu. Akatuazima. Nilichimba kashimo ka kina cha vidole vitatu, nikakiweka, nikafunika, nikapitisha mashine. Haikusema kitu. Nikafukua, nikakiweka kwa vidole viwili. Haikusema kitu. Nikakiweka juu ya ardhi kabisa, kinaonekana kwa macho, ndipo ikatoa mlio dhaifu ambao kama nisingejua kipo ningedhani ni jiwe jingine. Yule mama akakichukua, akakipima tena kabla ya kukirudisha kwenye karatasi, na hakusema neno. Shemeji yangu alikwenda kukaa chini ya mti.

Hiyo ndiyo mashine mliyosema inaona mita tatu.

Niliporudi Malindi niliiweka mezani. Najua mtasema nimevunja waranti kwa kuifungua. Waliofungua kwanza ni mafundi wenu, na alama za bisibisi yao ziko kwenye skrubu zote sita. Kwa pesa zangu walifanya mabadiliko. Nina haki ya kuona walichofanya. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Masafa kwanza. Niliyapima kwa osiloskopu, kifaa kinachoonyesha mawimbi ya umeme: kama kilohezi 7, yaani mitetemo 7,000 kwa sekunde. Haya ni masafa ya sarafu, ya fedha na shaba, vitu vikubwa vinavyopitisha umeme vizuri. Dhahabu ndogo inataka masafa ya juu, kwa sababu mkondo unaozaliwa ndani ya kipande kidogo unakufa upesi mno na masafa ya chini hayaushiki. Kila muuzaji wa kazi hii anajua: Minelab Gold Monster 1000 inatumia kilohezi 45, Fisher Gold Bug 2 inatumia kilohezi 71. Na kama udongo una chuma kingi kupita kiasi, ziko mashine za mapigo, mfano GPX 5000, ambazo hazitumi mawimbi mfululizo. Zinapiga pigo la umeme, zinanyamaza, kisha zinasikiliza katika ule ukimya. Hizo ni ghali, na kama mngeniambia Sh 118,000 haifiki huko ningewashukuru na kungoja.

Koili. Mmeondoa ile ndogo iliyokuja nayo mkaweka ya inchi 15 iliyotoka kwenye mashine nyingine. Chini ya stika yenu kuna stika ya awali. Koili kubwa inasikia kina zaidi kwa kitu kikubwa, hilo kweli. Lakini kwa kitu cha kadiri ya punje ya mchele inafanya kinyume: inakusanya udongo mwingi wenye chuma kwa wakati mmoja, na ile dhahabu inazama ndani ya kelele zake. Halafu koili si kofia, kwamba yoyote itakaa kichwani. Sakiti ya kutuma imepimwa kwa koili yake, pamoja na kapasita yake, kile kijenzi kidogo kinachohifadhi chaji. Mkiweka koili nyingine bila kurekebisha kapasita, mashine haiko tena mahali pake. Kapasita ile ni ya kiwandani, haijaguswa.

Jambo lililoniuma zaidi kama fundi ni waya mmoja mwembamba. Ndani ya koili kuna rangi ya kaboni inayoizunguka kama ngozi, na waya mtupu unaoiunganisha na grandi (upande hasi wa sakiti), ili jani lenye umande au mkono wa mtu usiisumbue. Mlipokata kebo ya koili mkaiunga upya kwa kuzisokota nyaya na kuzifunga tepu, waya huo mliukata mkauacha unaning'inia. Mtu aliyefanya hivyo aliuona. Hauwezi kuwa hakuuona, maana ameuviringa pembeni ili usimzuie kufunga tepu. Ndiyo sababu kila jani la Migori lilitupigia kelele. Kuuchomea risasi mahali pake ni kazi ya dakika tatu.

Na betri, ambayo ndiyo "nguvu" mliyotuuzia. Mashine ilitengenezwa kwa betri 8 ndogo, volti 12. Mmeweka pakiti ya lithiamu ya volti 14.8, bila kidhibiti, na aisi (chipu) ya sauti sasa inachemka kiasi cha kuunguza kidole. Kijana wenu aliniambia ukiongeza nguvu mara mbili unapata kina mara mbili. Bwana Meneja, naomba jambo hili mlifundishe duka zima. Uga wa sumaku unaotoka kwenye koili, ukishakuwa mbali nayo, unapungua kwa kipeo cha tatu cha umbali (umbali mara umbali mara umbali). Mwangwi unaorudi kutoka kwenye kipande cha dhahabu nao unapungua kwa kipeo cha tatu. Kwenda na kurudi, ni kipeo cha sita. Kwa hesabu hiyo, ambayo karibu na koili ni makadirio tu, kitu kilichosikika kwa sm 20, ukikishusha hadi sm 40, ishara yake inabaki sehemu moja kwa 64. Kutoka volti 12 hadi 14.8, hata kama nguvu yote ingefika kwenye koili, sm 20 inakuwa karibu sm 20.7. Nimelipa Sh 22,000 kwa milimita saba! Na kelele za udongo wenyewe zinapanda pamoja na hiyo nguvu, kwa hivyo hata hizo milimita saba hazipo.

Sipingi kuibadilisha mashine. Mtu anayejua anaweza kuitengeneza ikawa nzuri zaidi: koili ndogo iliyopimwa sawa, kebo nzuri, spika za masikioni zinazotoa mlio mdogo bila mkwaruzo, kidhibiti cha volti ili betri ikichoka mashine isiyumbe. Mimi mwenyewe nimefanya kazi hizo. Lakini huanzi kubadilisha kabla ya kuuliza udongo ni upi na dhahabu ni ya ukubwa gani. Mimi niliwaambia yote mawili bila kuulizwa.

Sheria inasema nanyi pia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, sura ya 31, inasema mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayoitakia bidhaa na kumtegemea ujuzi wake, bidhaa iifae kazi hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza kumwambia mteja kwamba kitu kina uwezo ambao hakina. Katiba, kifungu cha 46, inanipa haki ya bidhaa yenye ubora na ya kuelezwa ukweli juu yake. Mita tatu mliniandikia kwa ujumbe wa simu. Ujumbe huo ninao, pamoja na risiti zote mbili na picha nilizopiga ya ule waya.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie Sh 140,000. Mashine mtaichukua kwa gharama yenu. Iko kwenye sanduku lake, na kila nilichokifungua nimekifunga, isipokuwa ile kebo, ambayo nimeiacha wazi makusudi ili mwione. Nauli na siku nane za Migori sizidai. Tena mwiondoe ile "mita tatu" kwenye matangazo yenu, maana wiki iliyopita kijana wa Watamu alikuja dukani kuniuliza anunue mashine hiyohiyo, ameshauza pikipiki yake. Nimemzuia, lakini yuko mmoja, na wengine hawapiti kwangu.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita, nitapeleka madai Mahakama ya Madai Madogo, ambayo inasikiliza kesi za hadi Sh 1,000,000 na haimlazimu mtu kuwa na wakili. Nitaibeba mashine, sumaku ya spika na kipini cha mke wangu, nizike kipini kwenye beseni la udongo wa Magarini mbele ya hakimu, na fundi wenu aje akitafute.

Pesa mzitume kwa namba iliyo kwenye risiti. Nitaanza kumlipa mvuvi, kwa sababu kusi iko mlangoni na yeye hana pengine pa kutazama.

Wenu,
Fundi wa redio, Malindi