Somo yangu, zile namba za uyoga nilikosea mimi

Nachingwea, Jumapili jioni

Somo yangu,

Hujambo, na wanao hawajambo? Sisi huku wazima, mvua inanyesha tu kila siku, njia ya shambani matope matupu lakini uyoga ndo unatoka kwa fujo, jana tumekula wa kuunga na karanga na ugali wa muhogo nikakukumbuka kweli.

Sasa kabla sijafika mbali nikuombe radhi. Ile meseji niliyokutumia kwamba tumepata uyoga mpya haujaandikwa popote duniani, tafadhali ifute, na kama umeshamwonyesha shemeji mwambie somo yako alikuwa na homa. Si unakumbuka ule mwekundu unaovunjika kama chaki, Russula, tuliouchuma chini ya miyombo tukagawana? Wewe ukaandika spora zake, yaani zile mbegu zake ndogo kama vumbi, zina urefu wa maikroni 7 mpaka 8.5 (maikroni ni milimita 1 gawa kwa 1000), mimi nikaandika 10.5 mpaka 12.5. Mkusanyo uleule, kikapu kilekile! Nikasema basi hapa kuna aina mbili, mimi nimebahatika ninayo ile ngeni, nikaanza hadi kufikiria jina. Aibu gani hii.

Kumbe ni hivi. Ile maikroskopu yangu ya zamani ilipokufa taa nikahamisha kioo cha jicho chenye ile rula ndani nikakipachika kwenye maikroskopu nyingine ya shule, nikaendelea kuhesabu kama kawaida, kila kistari maikroni 1 kwa lenzi ya 100. Sikupima upya. Juzi ndo nikaitoa ile slaidi yetu yenye rula ya milimita 1 iliyokatwa vipande 100, yaani kila kipande maikroni 10, nikaiweka chini, tone la mafuta, nikalinganisha. Vistari 100 vya kwenye jicho vilikuwa vinakaa juu ya vipande 8 tu badala ya 10! Kwa hiyo kistari kimoja ni 0.8, siyo 1, na miezi yote mimi nazidisha tu. Hebu piga hesabu, 10.5 yangu inakuwa 8.4 na 12.5 inakuwa 10.

Lakini bado hatujakutana, si unaona? Wewe 7 mpaka 8.5, mimi 8.4 mpaka 10, kuna kama maikroni moja na nusu hivi inaning'inia. Nikalala nayo usiku kucha. Asubuhi nikakumbuka spora za Russula zina zile chunjua, na mimi nilikuwa napima kutoka ncha ya chunjua ya huku mpaka ncha ya chunjua ya kule, wewe ukapima mwili wa spora peke yake kama inavyotakiwa. Chunjua zenyewe kama 0.7 kila upande. Basi hapo aina yangu mpya ikafia hapohapo haha.

Ndo maana nakuandikia barua ndefu hivi badala ya kupiga simu, maana simu tungecheka tu tukasahau. Mi naona shida yetu siyo macho, shida ni kwamba kila mtu anaandika alichokiona bila kusema alikionaje. Daftari langu limeandikwa "spora 9" basi, 9 ya nini, kwenye maji au kwenye KOH (yale maji ya potashi), mbichi au uliokaushwa, spora ngapi? Mtu akija kulisoma baada ya miaka mitano hata kama ni mimi mwenyewe hatanielewa.

Kwa hiyo naomba tukubaliane kabla mvua hazijaisha. Spora tuchukue zilizodondoka zenyewe, kofia inalazwa juu ya kioo inafunikwa bakuli usiku kucha, maana ukikwangua tu kule chini ya kofia unabeba na changa ambazo hazijafika saizi yake. (Mama mkwe alilikuta bakuli akafunua, akatupa kila kitu, akaniuliza hiyo dawa nimewekewa na nani. Sasa naweka juu ya kabati.) Tupime angalau 30, na tusichague zile nzuri nzuri, ikipita mbele ya rula inapimwa alimradi imekomaa na imelala ubavu. Urefu na upana wa spora ileile, halafu ugawanye urefu kwa upana, hiyo ndo Q. Zile chache zilizozidi au kupungua sana tuziweke kwenye mabano pembeni, (6.8–)7–8.5(–9), tusizifiche.

Na hii Q ndo itatuokoa kwenye maneno. Wewe unaandika "mviringo", mimi "kama yai", ukurasa wa pili nimeandika "kama korosho" kwa kitu ambacho hakina kona yoyote, nilikuwa na njaa nadhani. Kuna Mholanzi anaitwa Cornelis Bas mwaka 1969 alishaweka mipaka, Q ikiwa 1 mpaka 1.05 ni duara, mpaka 1.15 karibu na duara, 1.15 mpaka 1.3 ni duaradufu pana, 1.3 mpaka 1.6 ni duaradufu ya kawaida, kuanzia hapo ndo refu. Tuchukue hiyohiyo tusibuni yetu.

Kuhusu dawa ya kutia spora rangi, Melzer (ile ya ayodini iliyochanganywa na klorali haidreti) sina na sitegemei kuipata, hiyo klorali haidreti utaipatia wapi Nachingwea. Nimetumia ayodini ya kupimia wanga, ileile form one wanadondoshea kwenye muhogo, na chunjua zimegeuka bluu nyeusi vizuri tu, zimeungana na vijistari kama wavu uliokatikakatika. Lakini nimeandika wazi AYODINI YA SHULE, siyo Melzer, maana kuna uyoga mwingine ayodini hii inaweza ikakaa kimya ukasema hakuna kitu kumbe kipo. Wewe ukiwa na Melzer andika Melzer.

Halafu huku ukitaja fangasi watu wote wanadhani ubwiriunga wa mikorosho, jirani ameshaniuliza kama salfa yake itasaidia.

Kesho nakutumia bahasha na basi la Masasi, konda wa Newala ataipokea pale stendi. Ndani kuna vipande vitatu vilivyokauka, nimeandika A, B na C tu, sijaweka namba zangu makusudi. Pima kwanza, afu uniandikie zako, ndo na mimi nitume zangu. Slaidi ya rula nimeifunga kwenye kitambaa cha kanga, pima jicho lako nayo kabla ya yote halafu irudishe, ni hiyohiyo moja tuliyonayo na nikikosa hiyo narudi kugundua aina mpya.

Wasalimie wote.

Somo yako,
Mwanahawa