Kupiga bunduki kavu, yaani kuvuta triga bila risasi: inaharibika au haiharibiki?

Mzee mmoja wa Ifunda alituletea bunduki yake ya .22, ile ya kufukuzia ngedere kwenye mahindi. "Fundi, risasi ni mpya, lakini katika tano, mbili zinagoma." Akanipa moja iliyogoma. Kwenye ukingo wa kitako cha risasi hiyo palikuwa na alama hafifu, kama ya ukucha. Nikamuuliza nani huivuta bila risasi. Akacheka. Ni yeye mwenyewe, kila akimaliza kuifuta mafuta: ka, ka, ka, asikie kama iko sawa.

Risasi ya .22 haina fataki, kile kidude cha kuwashia baruti, katikati. Dawa ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa kitako, kwa hiyo pini, kile kichuma kinachoigonga risasi, hugonga pembeni. Risasi isipokuwepo, pigo linapokewa na mdomo wa chemba, pale risasi inapokaa kwenye mtutu, chuma kwa chuma. Ncha ya pini inabutuka, mdomo wa chemba unaota kinundu, na maganda yanaanza kukwama. Zipo .22 zilizotengenezwa pini isifike kwenye chemba, kama Ruger 10/22, na kijitabu chake kinaruhusu kupiga kavu. Yako sivyo? Usijaribu.

Bunduki zenye fataki katikati ni habari nyingine. Pini hutokeza kwenye tundu ikagonga hewa, na za kisasa zinavumilia. Bastola ya Glock huwezi hata kuifungua uisafishe kabla hujavuta triga. Ila shotigani kuukuu za mitutu miwili, zile za kurithi, zina pini zilizochoka. Moja ikikatika utaijua siku nguruwe pori yuko mbele yako. Gobore ndiyo mbaya zaidi: nyundo inaponda moja kwa moja kile kichuchu cha kuvishia fataki, kinapanuka, na fataki haiingii tena.

Walinzi wanaopokezana zamu nao wana mtindo wa kuvuta triga kuonyesha kwamba silaha ni tupu. Hiyo siipendi kabisa, na si kwa sababu ya pini: kama si tupu, itafyatuka. Toa magazini kwanza, ndipo uvute boliti, uchungulie chemba na kupapasa kwa kidole. Ya mitutu miwili ikunje tu ifunguke, mwenzako aone mwanga upande wa pili.

Anayetaka mazoezi anunue risasi bandia yenye springi au mpira mahali pa fataki. Za plastiki za .22 nyingi ni za kujifunzia kujaza tu, si za kupigwa. Ganda lililotumika linafaa mara moja mbili, ukiligeuza pini isirudie shimo lilelile.

Bunduki ya mzee tumeibadilishia pini na kunyoosha mdomo wa chemba. Ukiwa na tatizo kama lake, njoo mwenyewe na leseni yako. Juzi kuna aliyeuliza kama anaweza kutuma yake kwa bodaboda. Hapana, kaka.