Barua ya bibi wa Igombe, asomewe pembeni

Mwangaluka bibi, shikamoo. Neema mdogo wangu, msomee bibi haya kule nyuma kwenye vichanja vya dagaa, si barazani, na mama asisikie, yeye ntamwandikia ya kwake.

Bibi, juzi kwenye simu uliniuliza kwa utani wako "mume wangu, jogoo anapanda mtungi kweli au tumesaidiwa?" nikacheka, ila nimesikia na baba mdogo anatangaza kwamba mimba ya mke wangu ina mwenyewe, eti mimi tangu nidondoke kule ghalani niko kwenye wilchea na kuanzia chini ya matiti sina habari na mwili. Kwako sina aibu, ngoja nikueleze.

Niliumia uti wa mgongo usawa wa kifua, pingili ya 5. Waya wa kwenda kichwani ndo umeharibika, lakini kule chini kabisa kwenye kiuno kuna kituo kidogo kinajitegemea, hicho kizima. Kwa hiyo jogoo anapanda bibi, ila sio kwa kuwaza wala kwa kumuona mke anatoka kuoga, mpaka aguswe, tena siku nyingine anapanda wakati nesi ananibadilishia mpira wa mkojo, aibu tupu! Akichoka mapema vidonge vipo. Shida ilikua mbegu, zenyewe hazitoki.

Kliniki wakaleta kimashine cha kutetemeka, kinawekwa pale kwenye ncha. Mara ya kwanza walinifanyia hukohuko kwao huku wananipima presha, maana sisi tulioumia juu presha inaweza kuruka ghafla ikaua mtu, na kweli ikaruka, kichwa kinagonga kama ngoma, jasho usoni, wakazima fasta wakasubiri ishuke. Mara ya pili wakanipa dawa kwanza, ikakubali. Mbegu za watu kama sisi mara nyingi idadi ipo ila zinatembea kivivu, zangu wakazipima wakasema jaribuni. Basi tukafundishwa kufanya nyumbani, mke anahesabu siku zake, mbegu zinaingia kwenye kikombe kisafi, anazivuta na bomba la sindano bila sindano yenyewe, anajiwekea. Mwezi wa sita akakosa siku zake. Sasa baba mdogo aniambie huyo mwenye mimba aliingilia wapi, kwenye kikombe?

Na mapenzi yapo, usisikitike. Yamehamia shingoni na masikioni, huko nasikia kuliko zamani, tulichelewa tu kujua kwa sababu mwaka mzima nilikua namkwepa mke wangu nikijiona gogo, na hilo lilimuumiza kuliko wilchea.

Unajua hapa Uingereza daktari Guttmann alifungua wodi ya watu walioumia mgongo hospitali ya Stoke Mandeville mwaka 1944, mwaka uliozaliwa wewe? Kabla ya hapo wengi walikua wanakufa kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo, mambo ya mtoto nani angeuliza.

Nina ombi moja. Mtoto ntamlaza mapajani, na mapaja hayasikii, uji wa moto ukimwagika naungua bila kujua, na yeye akiteleza sisikii pia, kwa hiyo nataka kumfunga. Nitumie doti moja ya kanga iliyolainika, ile uliyobebea sisi. Na nyingine mpya ya kwako, jina lake chagua mwenyewe, uivae siku baba mdogo akija kunywa chai.