Barua kwa mwanangu: bomba la kurushia roketi za maji asubuhi ya baridi

Mpwapwa, Julai

Mbukwa, mwanangu.

Umesema klabu yenu ya sayansi inarusha roketi za maji saa 12 na nusu asubuhi, kabla upepo wa Dodoma haujaamka. Naielewa sababu. Ikifika saa 5, upepo wa kipupwe unaigeuza roketi pua ielekee unakotoka upepo, na chupa inaishia juu ya bati la jirani. Ila saa hizo tulivu ndizo zenye baridi kali kuliko zote. Mwezi huu alfajiri hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na bomba lililolala uani chini ya anga tupu linaweza kuwa na baridi zaidi ya hapo.

PVC, ile plastiki ya bomba lenu, ina tabia mbili. Jua likiipiga inalegea: ikifika nyuzi 43 hivi, uwezo wake wa kubeba presha unabaki kama nusu. Baridi ikiipata inakakamaa, na ikigongwa haibonyei wala haitoi onyo, inapasuka kama kigae. Sikudanganyi kwamba nyuzi 13 peke yake zitavunja bomba zima. Zitakalovunja ni lile lililokwisha kuchoka: limeanikwa juani miezi mingi hadi limepauka, lina mkwaruzo wa msumeno, au liliwahi kudondoka kwenye sakafu. Mkienda kurusha kule Makete au Kitulo, ambako jalidi huanguka Juni na Julai, usilitumie kabisa.

Hatari yenyewe ni hewa. Maji hayabanwi, kwa hiyo bomba lenye maji likipasuka linavuja na kunyamaza. Hewa imebanwa kama springi. Chupa ya lita 1.5 yenye lita moja ya hewa kwa presha ya psi 45 imebeba nguvu takriban sawa na nusu mfuko wa saruji ukidondoka kutoka juu ya meza. Ndiyo maana mwaka 1988 OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, ilionya dhidi ya kupitisha hewa ya kompresa kwenye mabomba ya PVC yaliyo wazi juu ya ardhi. Kwa hiyo hewa yote ikae kwenye chupa, na plastiki ya bomba iwe fupi kadiri inavyowezekana. Yule mwenzako anayetaka tenki la bomba la inchi 4 ili warushe viazi, mkatalie. Bomba la inchi 4 la dukani mara nyingi ni la maji machafu, halikutengenezwa kwa presha yoyote. Na atakayeleta perfyumu au petroli na kiberiti ili arushe kwa mlipuko, funga shughuli siku hiyo.

Mnunue bomba la maji la nusu inchi lililochapwa PN 10 au PN 16. PN 10 maana yake bar 10, karibu psi 145, lakini hiyo ni kwa maji na kwa nyuzi 20. Msichukue bomba la nyaya za umeme hata kama unene wa nje unakaribiana. Kuta zake ni nyembamba. Kipande cha sentimita 25 kinatosha kuingia shingoni mwa chupa, kisha elbo moja chini, halafu mpira wa presha wa mita 5 hadi kwenye pampu ya baiskeli yenye geji. Upande wa pampu wekeni koki ya kuachia hewa. Bila koki hiyo, roketi ikigoma kutoka mtalazimika kuifuata ikiwa na presha, na hapo ndipo watu huumia.

Gundi ya PVC huyeyusha ngozi za vipande viwili vikawa kimoja, na dawa yake hutoka polepole kukiwa na baridi. Kata wima, ondoa makapi kwa msasa, paka pande zote mbili, sukuma ukizungusha robo mzunguko, shikilia nusu dakika. Halafu acha saa 24; msimu huu, kama mmeunganisha jioni, acheni saa 48. Kiungo kisichokauka hakivuji kwanza. Kinachomoka chote kwa mpigo, na kipande kinaruka kama jiwe la kombeo.

Kabla ya hewa, jaribuni kwa maji. Jaza mfumo wote hadi povu la mwisho litoke, pandisha hadi psi 75, acha dakika 10. Likishika, kazi yenu isizidi psi 50, na asubuhi ya baridi psi 40. Roketi itapungua kimo kidogo tu, wala hamtajutia.

Sasa zile tai za plastiki za kufungia nyaya, 8 hadi 10, zinazoshika shingo ya chupa hadi kamba ya kuiachia roketi ivutwe. Watu huzisahau, nazo ndizo za kwanza kukatika. Ni nailoni, na nailoni inahitaji unyevu kidogo ili inyumbuke. Hewa kavu ya Dodoma inazinyonya, baridi inamalizia. Ziloweke kwenye maji ya vuguvugu usiku kucha, na zibadilishe mara uonapo mstari mweupe kwenye mkunjo. Oringi, ile pete ya mpira inayoziba hewa isivuje, nayo hukakamaa: ikikaa baridi inavuja, na anayepampu hudhani hajafikisha, akaongeza nguvu. Oringi ya baridi ndiyo iliyoiangusha Challenger, chombo cha anga za juu cha Marekani, tarehe 28 Januari 1986 pamoja na watu 7 waliokuwamo. Ipake maji ya sabuni, na kama inavuja muishushe presha, msishindane nayo.

Chupa iwe ya soda, si ya maji. Ya maji ni nyembamba. Maji yawe theluthi moja, yaani nusu lita kwa chupa ya lita 1.5. Ikipata alama nyeupe au ikisharuka mara 10, itupeni.

Usiku bomba lilale ndani, limezungushiwa blanketi. Usilipashe joto kwenye jiko la mkaa: litalegea upande mmoja, na mvuke wa gundi unashika moto. Lisimamishe kwenye ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga hadi elbo ifunikwe. Mchanga unalishika na unameza vipande likipasuka. Msianze kabla ya saa 2 na nusu, jua likiwa limegusa vyombo. Saa hiyo upepo bado ni wa kuvumilika. Anayepampu avae miwani ile ya mafundi wa vigae, avute kamba akiwa mita 5, wengine wote mita 15 nyuma yake. Ikigoma, hesabuni dakika moja, fungueni koki, geji isome sifuri, ndipo mtu asogee.

Koki na geji nitakuwekea kwenye basi la Jumamosi. Wewe nitumie picha ya maandishi yaliyochapwa kwenye lile bomba mlilonalo sasa. Kama hakuna maandishi, likate lisitumike tena.

Mama yako