Malalamiko: stashahada ya uzamili iliyouzwa kwa Kiswahili, ikapima kwa Kiingereza

Mbeya, 14 Aprili

Mkurugenzi wa Mafunzo,
Kampuni ya mafunzo ya uzamili mtandaoni.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU STASHAHADA YA UZAMILI YA WALIMU WA WANAFUNZI WENYE UGUMU WA KUJIFUNZA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni walimu wa shule za msingi za Mbeya, Rungwe, Mbozi na Mufindi tuliojiunga na mafunzo yenu. Tangazo lilisema kozi imeandaliwa kwa mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili. Tumemaliza moduli tatu na hatulioni hilo. Mmechukua kozi ya kutambua matatizo ya kusoma Kiingereza, mkaibadilisha maneno. Mwalimu akiifuata kama ilivyo atawabandika jina la disleksia (ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika) watoto wasio nayo, na wenye nayo watampita mbele ya macho.

Madhara makubwa yako kwenye jaribio la kusoma la moduli ya pili. Lina maneno 20, na anayekosa zaidi ya manne anahesabiwa kuwa na dalili. Kwa Kiingereza mantiki inaeleweka: neno kama "yacht" au "colonel" halisomeki kwa kufuata herufi zake, na mwenye disleksia hukwama hapo. Mfasiri wenu ameweka "mashua" na "kanali". Hayo kwa Kiswahili yanasomeka silabi kwa silabi. Mtoto anayezijua silabi atayasoma hata kama mashua hajawahi kuiona. Katika lugha zenye tahajia ya wazi, yaani zinazosomwa kama zilivyoandikwa, kama Kiswahili, Kiitaliano na Kifini, disleksia hujitokeza zaidi kwenye kasi kuliko kwenye makosa. Mtoto anapata yote 20, lakini kwenye sentensi anakokota: wa, li, po, tu… akifika mwisho wa "walipotuandikia", mwanzo wake umeshamtoka. Jaribio lenu halipimi muda. Mtoto huyo mnampa alama zote na faili lake linafungwa.

Kipimo kinachofaa si kigumu kutengeneza. Ukurasa mmoja wa silabi, mmoja wa maneno na kifungu kifupi cha habari, kila kimoja dakika moja, mwalimu akihesabu vilivyosomwa sawasawa. Kisha maswali ya ufahamu bila kumharakisha mtoto. Maneno yaanzie "baba" na "kiti", yapande hadi mb, nd, ny, ng', dh, na mwisho vitenzi virefu kama "hawakutuletea", maana huko ndiko mzigo wa kusoma Kiswahili uliko. Baada ya wiki 8 za mazoezi, kipimo kirudiwe. Aliyekuwa amekosa kufundishwa tu, kasi yake hupanda. Asiyepanda ndiye wa kuchunguzwa zaidi, kwanza macho na masikio. Hatua hii ya macho na masikio hatukuiona popote katika moduli zote tatu, jambo la kushangaza kwa kozi ya ngazi ya uzamili.

Sehemu ya ufahamu wa sauti, yaani kutambua sauti na silabi ndani ya neno, nayo ina kasoro. Mnamuuliza mtoto neno lipi lina kina sawa na "paka" kati ya "taka", "sahani" na "kuku". Maneno ya Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo anasikiliza irabu ya mwisho tu na kupata. Zoezi la maana ni kuondoa silabi: sema "mahindi" bila "ma". Na mwongozo wenu wa majibu unasema "mtoto" ina silabi 2. Ni 3, m-to-to, kwa sababu hiyo m ni silabi inayojitegemea. "Mbuzi" ina 2. "Mbuni", yule ndege, ana 2, ila mbuni wa kahawa kule Mbozi una 3. Wenzetu waliojibu sawasawa wamekatwa alama na wakufunzi wenu. Tena mfumo unafuta alama ya ritifaa, hivyo "ng'ombe" iliyoandikwa vizuri inasahihishwa kuwa kosa.

Orodha ya dalili inataja kuchanganya r na l bila maelezo yoyote. Kinyakyusa hakina r. Mtoto wa Tukuyu anayesema "kalatasi" na kuandika "kalatasi" anaandika anachokisema. Hiyo ni athari ya lugha ya nyumbani. Wa kumwangalia ni yule anayetamka "karatasi" vizuri, lakini leo anaandika "katarasi", kesho "kartasi". Vivyo hivyo kwenye kuelewa: mtoto asimuliwe kisa kwa lugha ya nyumbani na akirudie. Akikisimulia vizuri kwa lugha hiyo, shida ni Kiswahili ambacho bado anajifunza.

Moduli ya tatu, ya hesabu, inatumia mada nzima kueleza kwa nini watoto huchanganya "thirteen" (13) na "thirty" (30). Mtoto wetu anasema "kumi na tatu", kumi liko wazi na tatu iko wazi. Kinachomsumbua ni ishirini, thelathini, arobaini na hamsini, ambazo hazibebi mbili, tatu, nne wala tano ndani yake. Hilo halikuguswa. Somo la saa ndilo baya kuliko yote: mshale mfupi uko kwenye 7 na mnatuagiza tumfundishe mtoto aseme "saa saba". Hapa ni saa moja. Mtoto mwenye diskalkulia (ugumu wa kudumu wa hesabu) tumfundishe kufuata upande wa pili wa mshale mfupi: mshale ukiwa kwenye 7, mkabala wake ni 1, ukiwa katikati ya 7 na 8, mkabala ni katikati ya 1 na 2, yaani saa moja na nusu.

Nyinyi wenyewe mmenaswa humo humo. Ratiba ya vipindi vya moja kwa moja inasema "saa 12:00" bila zaidi, nanyi mnafuata saa za London. Walioingia saa 12 jioni walikuta kipindi kimeisha. Kisha Jumapili ya mwisho ya Machi Uingereza wakasogeza saa zao, kipindi kikahama kutoka saa 9 alasiri hadi saa 8 mchana, tukiwa darasani. Mahudhurio hayo yana alama.

Kuhusu bando: video zenu zinakwenda kama megabiti 2.5 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya gigabaiti 1 kwa saa. Sauti ya kilobiti 32 ingekula chini ya megabaiti 15. Tupeni sauti na matini ya kupakua, na kazi ikikatikia njiani iendelee pale ilipoishia badala ya kuanza upya.

Jambo la mwisho halisubiri. Mnadai video ya dakika 10 ya mtoto akisoma, sura ikionekana, pamoja na jina na shule yake, na fomu ya ridhaa ya mzazi ni ya Kiingereza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hatutapakia video hizo. Pokeeni sauti yenye namba badala ya jina, fomu iwe ya Kiswahili, na rekodi zifutwe baada ya kusahihishwa.

Tunaomba kabla ya moduli ya nne kufunguliwa: jaribio la moduli ya pili liondolewe hadi litengenezwe upya na watu wanaofundisha KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu), alama za silabi, ritifaa na mahudhurio zirekebishwe, ratiba iandikwe kwa saa za Afrika Mashariki, ikitaja asubuhi, mchana au jioni, na mtutumie barua ya ithibati ya chuo kinachotoa tuzo pamoja na mchanganuo wa saa za kila moduli, kwa kuwa tuzo ya nje tutaipeleka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kutambuliwa.

Tusipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 21, tutadai ada ya moduli zilizobaki na kuwasilisha lalamiko Tume ya Ushindani.

Wenu katika kazi,

Walimu washiriki, Nyanda za Juu Kusini

Viambatisho: nakala ya tangazo, mwongozo wa majibu wa moduli ya pili, ratiba ya Machi na Aprili, fomu ya ridhaa.