RISALA YA KIKUNDI CHA MADEREVA WA DHARURA NA WAHUDUMU WA AFYA NGAZI YA JAMII KWA MHESHIMIWA MKUU WA MKOA, SIKU YA KUFUNGA MAFUNZO YA HUDUMA YA KWANZA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Mkoa,
Ndugu Katibu Tawala wa Mkoa,
Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Mganga Mkuu wa Mkoa na Waganga Wakuu wa Halmashauri,
Wakurugenzi Watendaji, Mheshimiwa Diwani, wenyeviti wa vijiji, viongozi wetu wa dini,
Wazazi, wanakikundi na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Pili, tunakushukuru wewe binafsi kwa kukubali mwaliko wetu na kufika kwa wakati, licha ya majukumu mazito uliyonayo. Kata yetu ipo mbali na makao makuu ya mkoa, na viongozi wengi huiona kupitia kioo cha gari wakiwa safarini. Wewe umeshuka, umekaa nasi. Karibu sana, jisikie uko nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza na watu wachache wenye Noah na bodaboda, waliochoka kuona majeruhi wakilazwa kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma wakisubiri msaada usiojulikana utatoka wapi. Leo tuna madereva, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mafundi magari na mama lishe wa stendi ambao usiku huwa macho kuliko sisi wote. Tuna katiba, tuna akaunti ya benki, tumesajiliwa. Tuna machela mbili tulizonunua kwa michango yetu, na wanachama wote wanajua kuzuia damu, kufunga mfupa uliovunjika na kumgeuza majeruhi bila kumvunja shingo. Tunathubutu kusema hakuna kata nyingine mkoani yenye kikundi cha raia kilichofikia hatua hii.

Baadhi ya madereva wetu pia wamo katika mfumo wa m-mama, ambao Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua kitaifa jijini Dodoma mwezi Aprili 2022, baada ya kuanza kwa majaribio Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga. Tunaufahamu kwa vitendo. Mama akipata tatizo zahanati, muuguzi anapiga 115 bure. Simu inapokelewa na mtu aliyefunzwa, anauliza dalili, anaamua mama apelekwe kituo gani, anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu, na kama halipo anamwita dereva wa kijijini. Dereva akimfikisha mama, anathibitishiwa na kulipwa kwa simu. Habishani na mtu kuhusu mafuta, wala hasubiri sahihi ya bosi aliyelala.

Matokeo yake nchi nzima inayajua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ukaonyesha 104. Kazi hiyo ina mikono mingi, kuanzia vituo vya afya vilivyojengwa, wakunga walioajiriwa hadi damu salama, nasi hatudai kuwa ni ya madereva peke yao. Februari 2025 Mheshimiwa Rais akatunukiwa tuzo ya kimataifa ya Goalkeepers, inayotolewa na Taasisi ya Gates, kwa sababu hiyo, na sisi tulishangilia hapa hapa kwenye uwanja huu kama watu wenye sehemu yao ndani yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumeyataja hayo ili ombi letu lieleweke. Mfumo huo ulijengwa kwa ajili ya wajawazito, mama waliojifungua na watoto wachanga. Utingo aliyebanwa mguu na usukani wa lori hayumo. Mtoto wa darasa la tatu aliyegongwa akivuka kwenda shule hayumo. Mzee aliyepooza ghafla upande mmoja hayumo. Hao wote wana sisi na machela zetu mbili.

Tukuombe uvumilivu tueleze usiku mmoja tu. Lori la mizigo liendalo Congo lilikosa breki kwenye mteremko na kuivaa Noah ya abiria. Tulifika tukiwa wa kwanza. Tulitandika turubai la muuza nyanya tukawapanga majeruhi, mama lishe wakimulika kwa simu zao. Mwenzetu alipiga simu kituo chetu cha afya, akaambiwa gari limepeleka rufaa na halitarudi kabla ya alfajiri. Akapiga ng'ambo ya mpaka, halmashauri ya jirani, ambako kuna gari la wagonjwa kilomita nane tu kutoka tulipokuwa. Gari lipo. Dereva yupo, macho. Mafuta yamo. Jibu lilikuwa kwamba gari hilo haliwezi kuvuka mpaka wa halmashauri bila kibali cha mganga mkuu wake, na simu ya mwenye kibali haikupatikana. Dereva yule alisikitika kweli. Alisema akivuka na gari likapata hitilafu, atalipa yeye. Tukawapakia majeruhi kwenye kenta. Utingo wa lori, kijana ambaye njia nzima aliuliza kama mama yake amepigiwa simu, alikata roho kabla hatujafika hospitali.

Hatumlaumu dereva. Hatumtaji mganga. Tunachosema, kwa heshima zote, ni kwamba usiku ule kila mtu alifuata utaratibu, na utaratibu ndio uliotushinda.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe unaijua serikali kuliko sisi, lakini tuombe ruhusa kuieleza inavyoonekana kutoka kando ya barabara. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri vipo chini ya OR-TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Hospitali ya rufaa ya mkoa, yenye chumba kinachopokea simu za 115, ipo chini ya Wizara ya Afya. Polisi wana 112 yao, Zimamoto wana 114 yao, na wote wawili wako Wizara ya Mambo ya Ndani. Gari la wagonjwa limeandikishwa kwa Mkurugenzi na mafuta yake yanatoka kwenye kasma ya halmashauri hiyo hiyo, ndiyo maana mkurugenzi wa jirani ana haki ya kuuliza kwa nini mafuta ya watu wake yachomwe kwa ajili ya watu wa mwingine. Hilo ni swali la halali. Ila halijajibiwa, na kwa kuwa halijajibiwa, gari linakaa.

Ipo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, iliyoweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Tunaiheshimu. Lakini kamati ya maafa huitwa penye maafa makubwa. Lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019 na kuua watu zaidi ya 100, taifa zima lilisimama, na majeruhi walikimbizwa hadi Muhimbili. Ndege ya abiria ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi walifika kwanza na mitumbwi yao, na serikali ikafuata kwa nguvu zake zote. Noah moja yenye watu saba kwenye mteremko wetu haiitishi kamati yoyote. Nasi hapa tunazikwa kwa Noah mojamoja.

Sasa Mheshimiwa, ombi. Na kwa sababu hii si risala yetu ya kwanza, tuombe tuliseme kwa uangalifu.

Katika risala zilizotangulia tuliomba gari la wagonjwa. Mgeni rasmi wa kwanza alisema limo kwenye bajeti. Aliyemfuata alituuliza kwa mshangao, "Kumbe hamjapata?", akamwagiza msaidizi wake aandike, na tulimwona akiandika. Wa tatu, tunakiri kwa furaha, alilileta. Tulipiga ngoma, funguo zikakabidhiwa hapa mbele, picha zikapigwa, kuna iliyobandikwa hadi leo kwenye ofisi ya kijiji. Halikumaliza msimu mmoja wa kilimo. Dereva aliyeajiriwa hakuletwa, mafuta hayakutengewa fungu, na gari likaitwa makao makuu ya halmashauri "kwa muda". Bado liko huko kwa muda.

Kwa hiyo leo hatuanzi na gari. Tunaomba karatasi. Tunaomba waraka wa mkoa, wenye sahihi yako au ya Katibu Tawala kwa maelekezo yako, unaosema wazi kwamba dharura ikitokea popote ndani ya mkoa huu, gari la wagonjwa lililo karibu zaidi ndilo litakalokwenda, liwe la halmashauri yoyote, na kibali kifuate baadaye. Dereva aandike kilomita kwenye kitabu cha safari, asainiwe na kituo kilichompokea majeruhi, na mwisho wa mwezi wahasibu wa halmashauri wafanye hesabu zao za nani anamdai nani. Watu wazima wenye kompyuta wanaweza kudaiana lita za dizeli bila mtu yeyote kufa.

Waraka huo uelekeze pia kwamba chumba kile cha 115 pale hospitali ya rufaa, chenye simu, watumishi wa zamu usiku na mchana na orodha ya magari na madereva, kianze kupokea taarifa za ajali na dharura nyingine. Tunajua hilo linahitaji kuzungumzwa na Wizara na wadau waliojenga mfumo, na tunajua fedha za kumlipa dereva wa m-mama haziwezi kuchotwa kumlipa dereva wa ajali. Ndiyo maana tunaomba kila halmashauri itenge kiasi kutoka mapato yake ya ndani, hata kidogo, kiwe mfuko mmoja wa mafuta ya dharura unaosimamiwa na ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa. Magari yapo. Watu wa kupokea simu wapo. Kinachokosekana ni mtu mmoja mwenye mamlaka juu ya wote kuwaambia wafanye kazi pamoja, na katika mkoa huu mtu huyo ni wewe.

Vilevile kata yetu imekaa mpakani, na kilomita chache mbele ni mkoa mwingine. Majeruhi hajui mipaka ya utawala wakati anavuja damu. Tunaomba umwandikie Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa jirani, mkubaliane jambo hilo hilo kwa vituo vya mpakani.

Yapo madogo, tunayapitia haraka. Wananchi wengi bado wanaamini kwamba hospitali haimgusi majeruhi bila PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, hivyo wanaanzia kituo cha polisi na mgonjwa mgongoni. Tunaomba Jeshi la Polisi na hospitali watangaze kwa pamoja kuwa tiba inatangulia na fomu inafuata. Tunaomba glovu, bandeji na vizibao vya kung'aa usiku, maana mwenzetu mmoja aligongwa akimhudumia aliyegongwa, na anatembea kwa mkongojo. Yupo hapa, amekaa mstari wa pili. Na lile gari letu lililoitwa kwa muda, Mheshimiwa, likirudi hatutalikataa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunafahamu kuwa hotuba yako imeandaliwa kabla ya kuisikia risala hii, na huenda ndani yake imo ahadi nzuri. Tutaipokea. Ila tunakuomba sana, badala ya neno "tutalishughulikia", ambalo kwenye kata hii limeshasikika mara nyingi kutoka kwenye kipaza sauti hiki hiki, ututajie tarehe. Ikiwa ni baada ya mwezi, tutasubiri mwezi. Ikiwa ni mwaka wa fedha ujao, tuambie, tutavumilia. Na ikiwa haiwezekani kabisa, tuambie hapa hapa mbele ya wananchi ili tuwaache Wakurugenzi wetu wapumzike na barua zetu.

Kurahisisha kazi ya ofisi yako, kamati yetu, ikisaidiwa na muuguzi mstaafu na mwalimu wa shule yetu ya sekondari, imeandaa rasimu ya waraka huo yenye kurasa mbili. Nakala tatu zipo mezani mbele yako, chini ya chupa ya maji. Tunaomba moja uondoke nayo wewe, ya pili apewe Mganga Mkuu wa Mkoa, na ya tatu Ndugu Katibu Tawala aigonge muhuri wa kupokelewa kabla ya chakula, aturudishie tuitunze kwenye jalada letu. Mhuri wa ofisi tumeambiwa amekuja nao.

Kwa heshima na taadhima, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu wa Kikundi,
kwa niaba ya wanachama wote.