Kikao cha City Stadium: siku imebadilika

Habari za jioni, majirani.

Kikao cha kuandika maoni yetu kuhusu ukarabati wa uwanja wa City Stadium hapa Nairobi na mitaa inayouzunguka sasa ni Jumamosi, saa nane mchana, Kaloleni Social Hall.

1. Mnaouza kando ya ukuta hadi upande wa soko la Burma, leteni risiti za kaunti. Mama wa chapati ana za miaka 11 kwenye mkebe wa kakao. Huo ndio ushahidi tunaouhitaji. Uwanja mzuri tunautaka sana, lakini tubaki nao.

2. Mchango wa kuchapisha ni shilingi 100 kila nyumba, kwa mweka hazina, kabla ya Ijumaa jioni.

Tafadhali thibitisheni hapa kufikia kesho saa tatu usiku. Usipoweza, mtume mtu wa kwako.